Uwanja Ulioitwa Imbuga

Mtu wa pwani akisikia neno "imbuga" atadhani anasimuliwa habari za mbuga, yaani nchi tambarare yenye majani na wanyama. Katika Kinyarwanda neno hilo lina maana nyingine. Imbuga ni ule uwanja ulio mbele ya nyumba, uliofagiwa tangu alfajiri. Hapo ndipo nafaka huanikwa, watoto huchezea, wageni hupokelewa, na wazee huketi kuzungumza jua likianza kupoa. Mgeni afikaye imbugani haulizwi kwanza amekuja kununua nini. Huulizwa habari za nyumbani kwake, akapewa kiti.

Nimeanza na neno hili kwa sababu ndilo jina lililopewa uwanja mpya ulio katikati ya mji wa Kigali, Imbuga City Walk. Wanafunzi wenzangu wengi wamekwisha kupita hapo. Lakini najua ya kuwa gazeti letu husomwa pia na ndugu zetu waliomaliza shule zamani, na wengine wao wanakaa Uganda, Kongo na nchi za mbali zaidi. Hao waliondoka mahali pale pangali barabara ya motokaa. Nataka kuwaeleza palivyo sasa na jinsi palivyopata kuwa hivyo, kisha nitaje jambo moja ambalo kwa maoni yangu halijatimia bado.

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani mmoja, Richard Kandt, aliyekuwa daktari na msafiri, juu ya kilima cha Nyarugenge. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 ndipo ulipofanywa makao makuu, na siku hizo ulikuwa mji mdogo mno. Watu walipohesabiwa mwaka 2022, walioonekana katika mji huu walikuwa zaidi ya 1,700,000. Hebu fikirini watu wengi namna hiyo katika nchi ya vilima elfu! Huku kwetu mahali tambarare ni mali. Ukitoka mlango wa nyumba unapanda au unashuka. Mgongo wa kilima cha Nyarugenge, penye mabenki, maofisi na maduka, ni mojawapo ya sehemu chache za mjini ambapo mtu aweza kutembea hatua mia bila kutweta. Basi mahali pale pazuri pa kutembea ndipo palipotwaliwa na motokaa. Mwenye miguu alijibana pembeni, akashika mtoto wake mkono, akangoja nafasi ya kuvuka.

Mwezi wa Agosti mwaka 2015 sehemu ya barabara hiyo, iitwayo KN 4, ilifungwa, motokaa na pikipiki zikakatazwa kupita. Nilikuwa na miaka tisa wakati huo. Nakumbuka jinsi sisi watoto tulivyofurahi kusimama katikati ya lami, juu ya mistari iliyochorwa kwa ajili ya magari, na kutazama huku na huku kama watu waliovuka mto mkavu. Lakini furaha yetu haikudumu. Jua lilikuwa kali, lami ilikuwa ya moto, na hapakuwa na benchi wala kivuli. Tulisimama kidogo, tukaenda zetu.

Na watu wazima walifanya vivyo hivyo. Walipita upesi, kila mtu na haja yake. Wenye maduka walilalamika wakisema wateja wao wenye motokaa hawana tena pa kuziweka, kwa hiyo wanakwenda kununua kwingine. Wengine waliuliza kwa nini barabara nzuri imefungwa ili pasiwe na kitu. Sikubali kwamba kuifunga lilikuwa jambo baya, lakini swali lao lilikuwa la haki. Barabara iliyofukuza magari haiwi uwanja siku hiyo hiyo. Ni barabara tupu.

Jambo hili nililielewa vizuri zaidi niliposoma habari za miji mingine. Mwaka 2009 wakuu wa mji wa New York walifunga sehemu ya barabara iitwayo Broadway pale Times Square, mahali penye msongamano mkubwa kupita wetu. Kabla hawajaweka mawe wala kujenga lolote, walitandaza viti vya bustani vya kukunja, vya bei rahisi kabisa. Watu wakavikalia mara moja. Kazi kubwa ya kujenga ilikuja baadaye, wakati watu wamekwisha kuzoea kukaa. Huko walianza na kiti, wakaja kwenye jiwe. Sisi tulianza na kufunga barabara, na kiti kikachelewa karibu miaka saba.

Hata hivyo miaka hiyo haikupita bure. Mwaka 2016 mji ulianza desturi ya siku isiyo na motokaa. Jumapili fulani za mwezi barabara kadhaa kubwa hufungwa asubuhi, watu wakatoka kukimbia, kupanda baisikeli na kufanya mazoezi ya viungo pamoja. Nadhani desturi hiyo ilitufundisha wengi kwamba barabara ni ya watu kabla ya kuwa ya magari. Kisha kazi ya kujenga ikafanyika, na mwaka 2022, kabla ya wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola kukutana Kigali mwezi wa Juni, uwanja ukafunguliwa na jina lake jipya la Imbuga.

Sasa nieleze palivyo. Urefu wake ni kama nusu kilomita. Lami imeondolewa, pametandikwa sakafu nzuri ya kutembelea. Kuna miti na maua, mabenchi ya kukalia, taa za usiku, njia ya baisikeli, mahali pa watoto kuchezea na vibanda vya kuuzia vinywaji na vyakula. Tena kuna intaneti ya bure, nalo si jambo dogo kwa sisi wanafunzi.

Katika likizo iliyopita nilikwenda huko mara nyingi, kwa kuwa mwaka huu nina mtihani wa taifa, na nyumbani kwetu Nyamirambo tuko wengi katika vyumba viwili. Nilichukua daftari zangu nikatafuta benchi lenye kivuli. Kwa kukaa hapo tangu asubuhi hata usiku nilipata kujua ya kuwa uwanja huu una watu wa saa mbalimbali, kama vile mto ulivyo na ndege wa asubuhi na ndege wa jioni.

Asubuhi ni watu wa maofisi. Hawa hawakai, wanapita mbiombio na viatu vyao vilivyong'arishwa. Kiasi cha saa nne huja watu wenye shida zao. Yuko mzee ambaye ameambiwa na karani arudi saa nane, naye kwao ni mbali, basi hana budi kungoja. Yuko kijana mwenye bahasha ya vyeti, anayetafuta kazi. Yuko mama aliyetoka benki na hajaridhika na aliyoambiwa, anafungua karatasi, anaisoma tena, anaikunja. Adhuhuri huja wafanyakazi na chakula chao, wakala, wakacheka, wakarudi kazini. Alasiri ni saa ya wanafunzi na wapiga picha. Vijana hawa wana kamera shingoni, nao humpiga picha kila atakaye, kwa malipo, naye anayepigwa hujinyosha na kushika kiuno kana kwamba yuko Ulaya. Jioni huja baba na mama na watoto wao. Usiku, chini ya taa, hukaa wachumba, na pamoja nao watu kama mimi, wenye vitabu.

Siku moja nilitazama benchi moja tu lililokuwa mbele yangu, muda wa saa moja. Alikaa fundi aliyebeba ngazi, akapumzika, akaondoka. Wakakaa wasichana wawili waliovaa nguo za harusi za kuazima, wakangoja mpiga picha wao. Akakaa mzee mwenye fimbo, naye alipomwona mtu mwingine mzee anakuja akasogea, wakaanza kusalimiana. Nilidhani wanajuana. Baada ya kitambo nikasikia mmoja anamwuliza mwenziwe, "Nawe watoka wilaya gani?" Wageni kabisa! Katika ile barabara ya zamani wazee hawa wawili wasingalionana. Kila mmoja angalikuwa anatazama magari.

Hayo ndiyo mema ya uwanja huu, wala sitaki mtu adhani nayadharau. Katika mji mkubwa karibu kila mahali pa kukaa hutaka fedha. Ukiketi hotelini, agiza. Ukisimama mbele ya duka, waulizwa wataka nini. Hapa mtu aweza kuketi saa tatu hana senti mfukoni wala hapana amwulizaye. Kwa tajiri si kitu, kwa kuwa yeye ana imbuga yake nyumbani. Kwetu sisi tunaoishi watu wanane katika vyumba viwili ni kitu kikubwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mimi nalelewa na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Karo ya shule hii, sare, godoro na sabuni, vyote vimetoka katika ungo wake. Ungo huo Wanyarwanda huuita agataro. Hutia maparachichi, ndizi mbivu au nyanya kwa kufuata majira, akautwika kichwani, akazunguka nao mjini. Kazi hiyo ameifanya tangu mimi sijaanza kusoma. Tena mwajua ya kuwa kuuza vitu barabarani ni marufuku Kigali. Muuzaji akikamatwa hupoteza bidhaa zake, hutozwa faini, na anunuaye kwake naye hutozwa. Kwa hiyo wanawake wa kazi hii wana macho mawili mbele na mawili nyuma. Shangazi amepata kunyang'anywa ungo wake mara kadhaa. Mara moja alirudi nyumbani bila kiatu cha mguu mmoja, akacheka mbele yetu sisi watoto, akasema mguu ulikuwa umechoka kuvaa.

Siku za mwisho za likizo nilimwambia, "Shangazi, kesho usiuze. Twende wote mjini, nikuonyeshe mahali ninaposomea."

Akasema, "Mahali hapo napajua kuliko wewe. Napita hapo kila siku."

Nikamwambia, "Wapita. Hujaketi."

Akakubali. Alivaa kitenge chake cha kwendea arusini, tukapanda basi, tukafika Imbuga kiasi cha saa kumi. Nikamwonyesha benchi zuri lenye kivuli. Hakuketi. Alisimama kando yake, mkono mmoja ameshika mgongo wa benchi, akatazama kulia na kushoto. Nikamwuliza, "Shangazi, watazama nini?" Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mlinzi yule ananijua sura."

Nikamwambia, "Lakini leo hujachukua kitu."

Akajitazama mikono yake kana kwamba anahakikisha. Kisha akaketi, lakini pembeni kabisa, kama mtu aliyeketi katika kiti cha mwenyewe anayekuja. Mlinzi akapita. Akatusalimu, akaenda zake. Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaegemea, akavua viatu, akasema, "Kumbe hapa pana upepo."

Wasomaji wapenzi, maneno hayo hayajanitoka moyoni. Miaka mingi amepita mahali pale kila siku ya kazi na hakujua ya kuwa pana upepo, maana anayekimbia hana nafasi ya kujua upepo. Tulikaa mpaka taa zikawashwa. Alinisimulia habari za baba yangu ambazo hakupata kunisimulia nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna kazi na kuna watu. Siwezi kuuchukia uwanja ulionipa jioni ile.

Lakini tulipokuwa tukirudi katika basi nilifikiri hivi: shangazi alikaribishwa Imbuga kwa sharti la kuacha ungo nyumbani, yaani kwa sharti la kuacha chakula chetu cha siku ile. Siku moja si neno. Kesho yake alirudi na ungo kichwani, na uwanja ule ule ukawa tena mahali pa kuvuka upesi.

Najua ziko hoja za upande wa pili, na ni vema zitajwe. Wachuuzi wakiachiwa watajaa, njia itazibwa, maganda yatatupwa chini. Mji wa Kigali unasifiwa kila mahali kwa usafi wake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa sheria tangu mwaka 2008, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wote hutoka kwa kazi ya umuganda. Usafi huo haukuja wenyewe. Tena mwenye duka hulipa kodi ya nyumba na kodi ya serikali. Je, ni haki mwingine auze vitu vile vile mlangoni pake bila kulipa lolote? Hoja hizi si za kuchekwa. Wala si kweli kwamba wachuuzi walifukuzwa tu pasipo kufikiriwa. Yamejengwa masoko madogo kwa ajili yao katika sehemu mbalimbali za mji, na shangazi naye alipata meza katika soko moja la namna hiyo. Alikaa hapo miezi michache. Tatizo lilikuwa moja tu: wanunuzi hawakufika. Soko lilikuwa mbali na njia ya watu, na mtu hashuki bonde na kupanda tena kilima kwa sababu ya parachichi mbili. Mchuuzi huishi kwa wapita njia kama mvuvi aishivyo kwa maji. Ukimpa mvuvi nyumba nzuri juu ya mlima, umempa makao, kazi hukumpa.

Uko mfano mwingine hapa hapa Kigali, nao uko karibu na kwetu. Ni Biryogo, katika Nyamirambo. Wazee wetu wanajua ya kuwa mtaa huo ulikuwa wa Waswahili tangu zamani za wakoloni. Wabelgiji waliwakusanya Waislamu na watu wa biashara huko, na ndiyo sababu lugha hii ninayoiandika imekaa katika midomo ya watu wa Biryogo miaka mingi kabla haijafanywa lugha rasmi ya nchi yetu mwaka 2017. Basi mwaka 2021, siku za ugonjwa wa korona, watu walipokatazwa kusongamana ndani ya nyumba, barabara za Biryogo zilifungwa ili wenye mikahawa wapate kutoa meza nje. Barabara ikapakwa rangi, meza zikapangwa, watu wakaja.

Nawasihi mwende mkaone. Biryogo haina sakafu nzuri kama ya Imbuga, na nafasi yake ni ndogo kuliko ya Imbuga. Lakini ukifika jioni hupati kiti kwa urahisi. Chai yanukia viungo, nyama inachomwa, chapati zinageuzwa, na wanaouza ni watu wa mtaa wenyewe, wale wale waliokuwako kabla barabara haijafungwa. Uwanja uliwajia nyumbani kwao, haukuwaondoa. Imbuga kuna vibanda, lakini bei ya kikombe kimoja cha kahawa katika kibanda nilichouliza yatosha chakula changu cha mchana Nyamirambo. Kwa hiyo Imbuga ina pa kukaa bure, na haina pa kuuza kwa mdogo. Biryogo mdogo anauza, lakini ukikaa ni vema uagize chai. Kila kimoja kina nusu ya jambo, na ingefaa nusu hizo mbili zionane.

Mtu aweza kuniuliza, wewe kijana wa miaka kumi na tisa, wataka ifanywe nini? Nami nitajibu, kwa heshima, kwa kuwa wakubwa wanasoma gazeti hili. Ningetaka patengwe sehemu ndogo ya Imbuga, hata hatua thelathini tu, yenye meza za saruji za ukubwa mmoja na mapipa ya maganda. Wenye nyungo waandikishwe, wapewe namba, wauze kwa zamu, huyu asubuhi, huyu jioni, kila mmoja alipe ada ndogo ya siku na kusafisha meza yake kabla ya kumwachia mwenziwe. Asiyesafisha apoteze zamu yake. Wanawake hawa wanajua zamu. Katika vikundi vyao vya kuweka akiba kila mwanachama hutoa fedha siku iliyopangwa, na mmoja mmoja hupokea kwa zamu, na daftari lao ni safi kuliko madaftari yetu ya hesabu. Walioweza kutunza fedha za watu ishirini hawatashindwa kutunza meza.

Tena wapita njia watafaidika. Yule mzee anayengoja karani mpaka saa nane atanunua ndizi mbili kwa fedha aliyo nayo. Yule kijana wa bahasha atakula parachichi na mkate. Leo wanashinda njaa penye viti vizuri. Mwenye nyumba hamwachi mgeni namna hiyo imbugani kwake.

Sisi wa mwaka wa sita tutatoka hapa baada ya mtihani. Nikijaliwa nataka kusoma elimu ya kupanga miji. Zamani nilisema nataka udaktari, kama wasemavyo wengi, lakini likizo ile imenigeuza. Nimeona ya kuwa kalamu ya mtu anayechora ramani yaweza kumpa mama upepo wa jioni, na kalamu hiyo hiyo yaweza kumkimbiza miaka kumi, pengine bila mwenye kalamu kujua.

Na ninyi mliotutangulia, wengine wenu ni wahandisi, wengine ni makarani wa mji, wengine wana maduka na majengo yao. Ramani za viwanja vingine zitaletwa mezani penu, maana mji unakua na Imbuga haitakuwa ya mwisho. Mtaona humo miti imechorwa, na watu wadogo wamechorwa wakitembea, wote wamevaa vizuri, wote mikono mitupu. Nawaombeni mwulize swali moja kabla ya kutia sahihi: yuko wapi yule mwenye ungo, na ungo wake utawekwa wapi? Akipatikana mahali pake, hapo ndipo uwanja utakapostahili kuitwa imbuga.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita